Lipime Neno, Usimpime Msemaji



Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii twaitamka kila siku, aghalabu kwa mzaha, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoikubali pale inapowagusa. Twaikubali mtu anapotofautiana nasi juu ya mboga, juu ya timu ya mpira au juu ya jina la mtoto mchanga. Zikianza habari za vyama na uchaguzi, hapo ghafla twataka vichwa vyote viote nywele za aina moja, na mwenye nywele tofauti twasema hana akili, au twasema amenunuliwa.

Jumapili hii nakuomba twende pamoja hadi Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa ule uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Nimeuchagua mji huu kwa sababu una mambo mawili yanayolifanya somo la leo lionekane waziwazi. La kwanza ni namna watu wake wanavyotegemeana. La pili ni historia yake ya uchaguzi.

Tunduma ni mlango. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, na reli ya TAZARA inapita hapo. Malori yaendayo Lusaka, na mengine yaendayo mbali zaidi hadi Lubumbashi, hupanga foleni yakingoja kuvuka. Mnyamwanga na Mnyiha ni wenyeji, lakini Mndali, Mnyakyusa, Mkinga na wengine wengi kutoka kila pembe ya nchi wamejenga humo. Dereva anamtegemea wakala wa forodha, wakala anamtegemea kuli, kuli anamtegemea mama lishe, na mama lishe anamtegemea mkulima wa Mbozi aliyeleta mahindi na maharage. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kusema kwamba atakula peke yake. Mtu aliyemtukana jirani yake asubuhi kwa ajili ya chama, adhuhuri atamhitaji amkopeshe nauli, na jioni atamhitaji amsaidie kubeba mgonjwa.

Hilo ni la kwanza. Sasa tulitazame la pili, la uchaguzi.

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015 jimbo jipya la Tunduma lilimchagua Ndugu Frank Mwakajoka wa CHADEMA. Mwaka 2020 jimbo hilohilo likatangazwa kwenda kwa Ndugu David Silinde wa CCM. Lakini Ndugu Silinde hakuwa mgeni katika siasa za sehemu hizi. Mwaka 2010 alikuwa ameingia Bungeni kutoka Mbozi Magharibi kwa tiketi ya CHADEMA, na mwaka 2015 akarudi kutoka Momba kwa tiketi hiyohiyo. Mwezi Mei 2020 chama chake kilitangaza kumfukuza pamoja na wenzake kadhaa, baada ya kutofautiana na uongozi juu ya agizo la wabunge wa chama hicho kuacha kuhudhuria vikao wakati wa ugonjwa wa korona. Miezi michache baadaye alisimama jukwaani akiwa na shati la kijani.

Siandiki haya kwa nia ya kumsifu wala kumlaumu mbunge huyo. Nayaandika kwa sababu yanatupa kipimo adimu cha kujipima sisi wenyewe. Mtu ni yuleyule na sauti ni ileile. Lililobadilika ni shati. Basi, ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Tunduma au wa Momba, jiulize kwa siri ya moyo wako: ulisema nini juu yake mwaka 2015, na ulisema nini mwaka 2020? Kama siku za kwanza ulimwita shujaa na siku za pili ukamwita msaliti, ulifanya hivyo baada ya kupima hoja gani? Na kama siku za kwanza ulimwita mropokaji, kisha baadaye ukamwita jembe letu, ni hotuba ipi iliyokuonyesha kwamba ulikosea?

Kubadili mawazo si dhambi. Mwenye akili huona jambo jipya akakubali kwamba la kale halikutosha. Lakini aliyebadili mawazo yake kwa usiku mmoja kwa sababu rangi ya shati imebadilika, huyo hakuwa na mawazo ya kubadili. Bendera hufuata upepo, na haina habari upepo unatoka wapi.

Ugonjwa huu si mpya, wala haukuletwa na vyama vingi. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado na umri wa miezi tu tangu Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kidogo kilichotolewa na TANU, kiitwacho Tujisahihishe. Hakukiandika kuwashambulia wapinzani. Alikiandika kwa wanachama wenzake, akiyataja makosa yaliyokuwa yameanza kuota ndani ya chama. Moja ya makosa hayo lilikuwa ni kuikubali au kuikataa hoja kwa kumtazama aliyeitoa: akisema fulani tumpendaye twapiga makofi, na akisema fulani tusiyempenda twaguna, hata kama maneno yao ni mamoja. Mwalimu akakumbusha kwamba ukweli haubagui watu kwa vyeo vyao wala kwa urafiki wao, na kwamba wanaoupuuza hatimaye hulipa gharama.

Fikiri jambo hilo kwa hesabu ya sokoni. Mbili na mbili ni nne akisema mwenyekiti wa chama chako, na ni nne akisema mwenyekiti wa chama usichokipenda. Mpinzani akisema kwamba mtaro wa mtaa wenu umeziba, mtaro ule haufunguki kwa sababu msemaji ni mpinzani. Mwenye chama tawala akisema kwamba zahanati imepata dawa, dawa zile hazigeuki maji kwa sababu msemaji ni wa chama tawala. Nenda ukautazame mtaro. Nenda ukaitazame zahanati. Huko ndiko kufikiri kwa kujitegemea, na kila mfanyakazi, hata asiyefika darasa la saba, anakuweza.

Wako watakaosema: hayo ni maneno matamu, lakini siasa ni vita, na vitani hakuna adabu. Nawaomba wakumbuke kwamba nchi yetu iliwahi kulipanga jambo hili kwa kanuni. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 1965, uliokuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Wagombea hao hawakufanya mikutano kila mtu na watu wake. Walisimama pamoja katika jukwaa moja, mbele ya umati mmoja, mmoja akimsikiliza mwenzake. Walizungumza kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi.

Je, adabu hiyo iliwafanya wananchi kuwa wapole wa kuitikia tu? La hasha. Mwaka huo wananchi waliwaangusha mawaziri, na mmojawapo alikuwa Waziri wa Fedha mwenyewe, Ndugu Paul Bomani. Walimsikiliza kwa heshima, wakampima, wakamchagua mwingine, bila mtu kulazimika kuitwa adui wa taifa.

Simaanishi kwamba mpango ule haukuwa na kasoro. Mtu asiyekubaliana na TANU yenyewe hakuwa na mahali pa kusimama katika jukwaa lile, na nchi ilichukua miaka mingi kulitambua hilo. Lakini namna tulivyokuja kulitambua ni fundisho jingine kubwa kwa somo la leo.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Tume ilizunguka nchi nzima, Bara na Visiwani. Majibu yalipohesabiwa, takriban watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama wawili katika kumi. Kwa hesabu ya mkono wenye nguvu, shauri lingekwisha hapo. Lakini tume ilipendekeza vyama vingi, CCM ikakubali, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Tafakari uzito wa jambo hilo, ndugu msomaji. Wengi walikuwa na uwezo wa kuwapuuza wachache, na hawakuwapuuza. Ilionekana kwamba wawili katika kumi si wachache wa kutupwa, na tena kwamba hata miongoni mwa wale wanane wengi walitaka mambo kadha wa kadha yarekebishwe. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa ameasisi mfumo wa chama kimoja, alikuwa mstari wa mbele kutaka suala hilo lijadiliwe bila hofu. Kila chama kilichosajiliwa tangu hapo, pamoja na kile unachokichukia, ni tunda la siku ile ambayo wengi waliwasikiliza wachache.

Mwaka mmoja baadaye mtihani ulikuja ndani ya Bunge. Mwaka 1993 wabunge 55, wote wa CCM, wakiongozwa na Ndugu Njelu Kasaka wa Lupa, walitaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Lupa ni jirani wa Wilaya ya leo ya Songwe. Zote mbili zilikuwa katika Chunya ya zamani. Chama kiliikataa hoja hiyo mwaka 1994, na Mwalimu akaandika kitabu kizima kuipinga. Unaweza kukubaliana na wabunge wale au na Mwalimu. Lililo wazi ni kwamba mtu aliweza kuvaa shati la chama, na hata hivyo akasimama na kusema kwamba katika jambo hili chama changu kimekosea; na aliyempinga alipaswa kuketi chini na kuandika sababu zake. Uanachama haukuwa kibali cha kuacha kufikiri.

Watu wa Tunduma hawana haja ya kusoma vitabu ili wajue yanayotokea adabu ikikosekana, kwani wana jirani. Nakonde ya Zambia iko ng'ambo ya pili tu. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na harusi na misiba huvuka bila kuuliza. Tangu mwaka 2019 mataifa haya mawili yamekuwa na kituo cha huduma za pamoja mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili, kila mmoja na sheria yake na bendera yake, humhudumia msafiri yuleyule. Kama maofisa wa dola mbili wanaweza kufanya kazi pamoja bila mmoja kumlazimisha mwenzake aimbe wimbo wake wa taifa, majirani wawili wa mtaa mmoja wanashindwaje?

Zambia imetufundisha pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 1991 Mzee Kenneth Kaunda, mzaliwa wa Chinsali, mji ulio karibu na barabara hiyohiyo ya kutoka Nakonde, alishindwa uchaguzi baada ya kuongoza kwa miaka 27. Alikubali matokeo akamkabidhi Frederick Chiluba madaraka kwa amani, na Afrika nzima ikastaajabu. Lakini chuki haikukoma hapo. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa kwa namna iliyomzuia Kaunda kugombea, na mwaka 1999 mahakama ikatamka kwamba mtu aliyeliasisi taifa lile si raia wake. Uamuzi huo ulibatilishwa baadaye. Na juzi tu, mwezi Juni 2025, Rais wa zamani Edgar Lungu alipofariki dunia Afrika Kusini, uhasama kati ya upande wake na wa Rais Hakainde Hichilema ulikuwa umefika mahali ambapo familia na serikali hazikuweza kuelewana hata juu ya mazishi. Mwili wa marehemu ukageuka kuwa kesi katika mahakama ya Pretoria.

Nasema haya kwa masikitiko, si kwa kuwacheka majirani. Kwetu sisi msiba ndio mahali pa mwisho ambapo ugomvi huwekwa chini. Siasa ikifika hadi kaburini, imevuka mpaka ambao hakuna forodha ya kuurudisha.

Wala sisi hatuna cha kujivunia. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na maandamano, ghasia na vifo katika nchi yetu. Ni nani aliyekosa na kwa kiasi gani, hilo ni la uchunguzi na la sheria, na ukurasa wa familia haupaswi kutoa hukumu. Lakini ukurasa wa familia unayo haki ya kusema kwamba wako akina mama wanaolia, na kwamba machozi yao hayana kadi ya chama. Anayewacheka kwa sababu mtoto wao alikuwa upande mwingine, ajue kwamba amekwisha kupoteza kitu kikubwa kuliko uchaguzi.

Hapa nataka kuondoa shaka moja. Adabu ninayoisema si kunyamaza. Katiba yetu, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Kiongozi anayesema "vijana hawa hawana adabu" kwa sababu tu wamemwuliza fedha za mradi zimekwenda wapi, huyo anatafuta pazia, hatafuti adabu. Kuuliza si ujinga, na wala si ufedhuli. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimtaka kiongozi awe mtu anayewaheshimu watu, asiyependa makuu wala ubabe. Basi adabu ni deni la pande mbili, na mkubwa ndiye anayepaswa kutangulia kulilipa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana huko ndiko watoto wanakojifunza. Mtoto hajifunzi siasa kutoka katika mkutano wa hadhara. Anajifunza pale baba anapozima redio kwa hasira akisema, "Hawa wote wezi," au pale mama anapomwambia asicheze na watoto wa nyumba ya pili kwa kuwa wazazi wao wana bendera ya chama kingine. Neno hilo dogo litakaa kichwani mwake miaka 20, na siku moja litatoka likiwa na jiwe mkononi.

Ninapendekeza mambo manne kwa kila familia.

Kwanza, mgeni au ndugu akitoa neno la siasa mezani, aulizwe, "Umelijuaje hilo?" kabla ya kuulizwa, "Wewe ni wa chama gani?" Swali la kwanza hufungua mazungumzo, la pili huyafunga.

Pili, kila mtu mzima ajizoeze kutaja jambo moja ambalo chama anachokipenda kimelikosea, na jambo moja ambalo chama asichokipenda kimelipatia. Asiyeweza kutaja hata moja, asijidanganye kwamba anafikiri; anakariri.

Tatu, matusi na habari zisizothibitishwa zinazokuja katika makundi ya simu zisipelekwe mbele. Wanachama wa TANU, na wa CCM baada yao, waliahidi kusema kweli daima na kuihesabu fitina kuwa mwiko. Kidole kinachosambaza uongo ni ulimi vilevile, ingawa hakitoi sauti.

Nne, salamu, msiba na ugonjwa viwekwe nje ya siasa kabisa. Unaweza kumkatalia mtu hoja yake yote tangu mwanzo hadi mwisho, na bado ukamwambia, "Shikamoo, mzee," ukampisha kiti. Kumsalimu mtu si kumpigia kura.

Wahenga walisema pia kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wale wakubwa wanaogombana leo majukwaani, kesho huenda wakapatana na kugawana mavuno. Tumeyaona hayo, Bara na Visiwani. Usije ukajikuta wewe na jirani yako ndio mliobaki na ugomvi ambao wenyewe wamekwisha kuusahau.

Uchaguzi mwingine utakuja, na bendera zitapandishwa tena Tunduma, Vwawa na Mlowo. Mpe kura yako unayemwona anafaa, ukiwa umempima kwa maneno yake na matendo yake. Kisha, kesho yake asubuhi, mfungulie mlango jirani aliyempa kura mwingine, kwani ndiye utakayemwomba chumvi.